Ua na Udongo Wake, Mdudu na Mti Wake

Mhadhara kwa walimu, wazazi na vijana wa Kakontwe, Likasi



Nimeombwa niseme juu ya wadudu na maua ya porini ya majira ya joto. Mada naikubali, kalenda yake siikubali. Kitabu cha Ubelgiji kitamwambia mtoto kwamba vipepeo na maua hutafutwa Juni, Julai na Agosti. Mtoto wa Kakontwe akitoka nje na kitabu hicho mwezi wa Julai atakuta baridi ya asubuhi inayouma vidole, nyasi kavu, na moshi wa mioto ya porini upande wa Kambove. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, tena juu, kiasi cha mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Joto letu kali ni la Oktoba, na hata hilo halitawali sana. Anayetawala huku ni mvua, inayofika Oktoba au Novemba na kuondoka Aprili.

Lakini kabla ya mvua yenyewe kufika, mwezi wa Septemba, msitu wa miombo unafanya jambo ambalo mgeni haliamini mpaka alione. Ardhi ni kavu, hewa ni vumbi tupu, na miti inatoa majani mapya, mekundu, kwa maji iliyoyatunza mizizini na ndani ya shina. Nyenje wanaanza kelele zao. Chini ya udongo, pupa za nondo bado zimelala, na majani hayo machanga ndiyo chakula cha watoto wa nondo hao watakapotoka. Saa ya wadudu wetu, basi, imetegwa na mti.

Ndiyo maana leo sitawapa orodha ya majina. Majina ni mazuri, na baadhi nitayataja, lakini nimeona watu wanaojua majina hamsini ya vipepeo na hawawezi kusema hata kimoja kati ya hivyo hutaga mayai wapi. Bibi zetu walifuata njia nyingine bila kuiandika: mdudu muulize anakula mti gani, na ua liulize limesimama juu ya udongo gani. Anayejibu maswali hayo mawili amekwisha kujifunza sehemu kubwa, hata kama jina la Kilatini hatalijua kamwe.

Tuanze na viwavi, kwa kuwa hapo kila mtu ana maoni yake.

Finkubala, yaani viwavi wanaouzwa sokoni kwa kopo, wameshakamuliwa matumbo, wamechemshwa na kuanikwa juani, si wa aina moja. Mwaka 1980 François Malaisse, mwanaikolojia Mbelgiji aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alichapisha pamoja na mwenzake Parent uchunguzi wa aina 23 za viwavi wanaoliwa kusini mwa Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba. Wakiwa wakavu, walikutwa na protini ya wastani wa asilimia 63.5. Yaani zaidi ya nusu ya uzito wa kiwavi mkavu ni protini, na hiyo, kilo kwa kilo, inapita nyama mbichi nyingi za buchani. Sisemi haya ili mtu aanze kula viwavi kwa sababu profesa ameruhusu. Watu walikula na kushiba kabla profesa hajazaliwa. Nasema ili anayemcheka mwenzake kwa kula finkubala ajue anacheka nini.

Kati yao wako wale wanaoitwa tunkubiu, ambao wanasayansi wanawaita Elaphrodes lactea. Wanakuja mvua zikielekea mwisho. Wanakula majani ya miti ileile mikubwa ya miombo, jamii ya Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia. Miaka mingine wanaonekana kidogo tu, miaka mingine wanazidi mpaka miti inabaki matawi matupu, na mgeni anadhani msitu umekufa. Haukufa. Mti mzima wa miombo huweza kuchipua tena.

Wengine, kama mumpa, ni watoto wa nondo wakubwa wenye mabawa yenye alama za macho. Huyo nondo maisha yake mafupi hayana mlo hata mmoja, kwa kuwa kinywa chake hakifanyi kazi. Siku zake chache ni za kutafuta mwenzi na kutaga. Jike analazimika kuchagua mti ambao yeye mwenyewe hatauonja, na akikosea mti, watoto wanakufa. Kiwavi akishakua anashuka kwenye shina, anaingia ardhini, anageuka pupa na kukaa humo mpaka majira yake yarudi. Ukimjua hivyo, unajua mara moja maadui wake ni wangapi. Yupo anayekata mti, yupo anayewasha moto wakati mbaya, na yupo anayeokota wote bila kubakiza wa kushuka ardhini.

Ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Kopa, wilaya ya Mpika huko Zambia, watafiti Mbata, Chidumayo na Lwatula walieleza mwaka 2002 jinsi wanakijiji wanavyosimamia jambo hili kwa desturi. Wanafuatilia maendeleo ya viwavi msituni, wanalinda miti yao na mayai ya nondo dhidi ya mioto ya mwisho wa kiangazi, na kuokota kuna siku zake za kuanza na za kukoma.  

Juu ya moto niongeze neno, maana hapa tunauchezea. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalichoma vipande vya miombo kwa nyakati tofauti, mwaka hadi mwaka. Palipochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, miti iliendelea. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu, msitu ulirudi nyuma na nyasi zikachukua nafasi. Sisi tunachoma lini? Kila mmoja ajijibu. Na makala, yaani makaa, je? Naelewa kwamba umeme ukikatika sufuria haingoji, na anayechoma makala ana watoto wa kulisha. Hata hivyo mti wa miombo unaoishia kwenye magunia machache ungeweza kulisha viwavi kila mwaka kwa miaka mingi, na juu ya viwavi kuna asali. Brachystegia huchanua karibu na mwanzo wa mvua, Julbernardia huchanua mvua zikiisha, na kwa hiyo wafuga nyuki wa ukanda huu wana mavuno mawili. Mtu wa Tabora analijua hili vizuri, kwa kuwa msitu wake na wetu ni mmoja. Wayeke wa mfalme Msiri, waliotoka pande hizo za Unyamwezi karne ya 19 kufuata shaba na pembe za ndovu, walitembea majuma mengi chini ya miti waliyoizoea.

Sasa kumbikumbi. Mvua za kwanza zenye nguvu zikishalowesha ardhi, wanatoka jioni, taa zinazingirwa, watoto wanapigania beseni. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini nyumba waliyotokea inastahili mhadhara peke yake. Vichuguu vikubwa vya Katanga ya kusini ni kazi ya mchwa aitwaye Macrotermes falciger. Vinafika mita 8 kwenda juu, na kwenye kitako upana wake unafika mita 15. Katika hekta moja unaweza kukuta vitatu, vinne, hata vitano. Mwaka 2015 Hans Erens na wenzake walichapisha matokeo ya kupima umri wa vichuguu vinne karibu na Lubumbashi kwa njia ya kaboni ya mionzi. Cha zamani kuliko vyote kilikuwa na miaka 2,200 hivi. Kilianza kujengwa Yesu bado hajazaliwa, na leo mtu anakibomoa kwa wiki chache apate matofali. (Matofali ni mazuri, sibishi.)

Mchwa huyu ni mkulima. Anakusanya majani na vijiti vikavu, lakini hategemei tumbo lake peke yake kuvisaga. Ndani ya kichuguu analima kuvu, na kuvu hiyo ndiyo inayolainisha chakula chake. Wakati wa mvua, shamba hilo la chini hutoa uyoga unaotokeza juu ya ardhi. Mmoja, Termitomyces titanicus, uliandikwa kisayansi mwaka 1980 kutokana na uyoga wa Zambia, na kofia yake huweza kufika mita moja kwa upana. Wale wanaouza uyoga huu kando ya barabara ya Lubumbashi wanauza mazao ya mchwa, ingawa mchwa halipwi. Tena udongo wa kichuguu hautofautiani na jirani yake kwa urefu tu: una mfinyanzi mwingi zaidi na chokaa zaidi, na ndiyo sababu juu yake hukua miti na vichaka ambavyo huvikuti hatua ishirini pembeni.

Hapo tumeingia kwenye swali la pili, la ua na udongo, na hakuna mahali pazuri pa kuliuliza kuliko Likasi.

Tazameni vilima vya shaba. Msitu umevizunguka, vyenyewe vina nyasi na maua tu, kwa sababu shaba nyingi kwenye udongo ni sumu kwa miti mingi. Wazee waliochimba na kuyeyusha shaba, wale walioitwa walaji wa shaba, hawakuhitaji ramani. Kilima kisicho na miti katikati ya msitu kiliwaita. Wataalamu wa mimea walikuja baadaye. Paul Duvigneaud wa Brussels aliandika mwaka 1958 juu ya uoto wa Katanga na udongo wake wenye madini, na mwaka 1963, pamoja na Denaeyer-De Smet, juu ya shaba na mimea. Tangu hapo imefahamika kwamba ipo zaidi ya mimea 30 ambayo dunia nzima haipatikani ila kwenye udongo wa shaba na kobalti wa ukanda huu wetu.

Maarufu kuliko yote ni Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Ni jamii moja na mrehani. Linaota juu ya udongo wa shaba uliochimbuliwa na kutikiswa, na linaota pia palipokuwa na tanuri za kale. Mwaka 1982 De Plaen, Malaisse na Brooks walieleza jinsi ua hili linavyoweza kumwongoza mtafutaji wa madini, na hata mwanaakiolojia anayetafuta mahali mababu walipoyeyushia shaba. Fikirini: moto ulizimika karne nyingi zilizopita, hakuna kumbukumbu iliyoandikwa, na mmea bado unaonyesha mahali.

Ila tusilifanye ua kuwa cheti cha mgodi. Mwaka 1996 Paton na Brooks walichunguza upya mimea ya jamii hii iliyohifadhiwa makavazini, wakaona kwamba Haumaniastrum katangense linapatikana pia mahali pasipo na shaba ya kutajwa. Na ndugu yake, Haumaniastrum robertii, aliwahi kusifiwa duniani kote kwa kukutwa na kobalti ya asilimia 1 hivi ya uzito mkavu wa majani. Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Ngoy Shutcha wa Lubumbashi na Pierre Meerts waliosha majani ya mimea ya namna hiyo kwa uangalifu kabla ya kuyapima, na kwa mingi yao vipimo vilishuka sana. Sehemu kubwa ya yale madini yaliyosifiwa ilikuwa vumbi lililoganda juu ya jani. Nawapenda watafiti wa namna hii. Hawakuhitaji mtambo mpya; walihitaji maji, na ujasiri wa kuuliza kama jani lilikuwa safi.

Kwa nini mmea upende mahali panapoua wengine? Jibu moja linalopewa uzito ni kwamba shaba inaua kuvu pia, kwa hiyo udongo wa shaba unaukinga mmea na magonjwa ya mizizi. Wakulima wa zabibu wa Ufaransa wanalijua hili. Tangu mtaalamu wa mimea Millardet alipolitangaza mwaka 1885, wananyunyizia mizabibu mchanganyiko wa salfati ya shaba na chokaa ili kuzuia kuvu. Shaba na chokaa! Likasi ingeweza kuwapelekea vyote viwili.

Kumbe chokaa ndiyo yetu hasa, watu wa Kakontwe. Wengi hapa mmezaliwa karibu na machimbo na hamjaambiwa kwamba jina la mtaa wenu limeandikwa katika vitabu vya jiolojia. Tabaka la mawe ya chokaa la Kakontwe ndilo jina wanalotumia wanajiolojia, na wanalitumia mbali na hapa. Madini ya zinki na shaba ya Kipushi yamo ndani ya mawe hayohayo, na ukivuka mpaka utayakuta yakiitwa Kakontwe huko Ndola.

Kwa anayejifunza maua, hii ni bahati kubwa. Udongo wa kawaida wa miombo ni mwekundu, mchachu na maskini. Udongo wa kilima cha shaba una sumu yake. Udongo wa juu ya mawe ya chokaa si mchachu, na humo shaba hata ikiwepo hushikwa udongoni, na mizizi huipata kwa shida. Mtu wa hapa anaweza kuzikuta aina hizo tatu za udongo bila safari ndefu, na maua hayatakuwa yaleyale. Chokaa hiyo ina kazi nyingine pia. Huko Lubumbashi, upande wa Penga Penga, moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911 uliacha ardhi tupu, chachu, imejaa madini. Shutcha na wenzake walijaribu kuivisha tena kwa nyasi za vilima vya shaba, mojawapo Microchloa kunthii, baada ya kuchanganya udongo na chokaa na mbolea ya asili. Nyasi zilishika. Ujuzi wa mmea gani unavumilia udongo gani, ambao baadhi ya watu huuona ni mchezo wa wastaafu wa Ulaya wenye miwani, ndio uliowapa mahali pa kuanzia.

Maua mengine nitayapitia haraka. Baada ya mioto ya kiangazi, kabla hata ya tone la mvua, mtaona vimea vifupi vikichanua juu ya majivu. Shina lake kubwa liko chini ya ardhi, na mtaalamu wa mimea Frank White aliiita mimea hii misitu ya chini ya ardhi mwaka 1976. Mvua zikishakolea tafuteni Costus spectabilis, ua kubwa la njano katikati ya majani manne yaliyolala chini kabisa. Ni ua lililomo kwenye nembo ya taifa la Nigeria, na hapa tunalikanyaga. Gloriosa superba mtalitambua kwa petali nyekundu na njano zilizogeuka juu kama ndimi za moto. Watoto waambiwe mapema kwamba kiazi chake kinaua. Waambiwe pia wasishike kwa mikono wale mbawakawa wenye mistari myeusi na ya njano au myekundu wanaokula maua. Maji yao yanachoma ngozi mpaka malengelenge.

Okidi za ardhini zinanitia wasiwasi zaidi. Viazi vyao ndivyo vinavyopondwa pamoja na karanga kutengeneza kikanda. Ni chakula kitamu, nami nakila, lakini kuchimba kiazi ni kuua mmea. Zambia ilipopungukiwa, biashara ilivuka hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na viazi vilivyochimbwa huko kila mwaka vilikadiriwa kwa mamilioni. Uharibifu huo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Kitulo, inayoitwa Bustani ya Mungu, kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sisi hatuna Kitulo. Tunacho kilima hapa na bonde pale, na vilima vyenyewe vya shaba ndivyo vinavyoliwa na mashine. Mmea usioota popote pengine, kilima chake kikichimbwa chote, hauna mahali pa kukimbilia.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu. Msiwaagize watoto wang'oe maua wala wachome wadudu pini. Kila darasa liwe na daftari moja, na kila mstari uandikwe mambo manne: tarehe, mdudu au ua lililoonekana, mti au mmea lilipokutwa, na udongo wa pale, kama ni mwekundu, wa kichuguu, wa kilima cha shaba au wa mawe ya chokaa. Jina liandikwe la Kisanga, la Kibemba au la Kiswahili cha nyumbani kwa mtoto, na mtoto atakayesema bibi yake analiita vingine aandikwe naye. Kazi hiyo haihitaji darubini wala pesa za mfadhili. Kwenu wazazi ombi ni moja tu: tunkubiu wakija, waokoteni kwa mikono au mtikise tawi, shoka libaki nyumbani.

Mwaka wa shule unafunguliwa Septemba, wakati uleule miti inapotoa majani mekundu. Daftari linunuliwe Agosti.